Mpangaji bado yumo ndani: kwa nini msanidi programu aijue Linux

Simu iliita saa tano kasoro robo usiku, Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Aliyepiga ni mhasibu wa kampuni inayouza dawa kwa jumla, mteja wetu wa siku nyingi, mama wa makamo ambaye hanipigii usiku ila pameharibika jambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole kwa kukuamsha. Mfumo umegoma, na kesho saa mbili asubuhi magari ya mikoani yanapakia."

Magari hayapakii bila hati, na hati zinatoka kwenye mfumo. Dawa zisipoondoka, kuna duka Ifakara au Masasi litaamka Jumatatu na rafu tupu. Nilifungua laptopu nikiwa nimekaa kitandani, nikaingia kwenye seva kwa ssh, njia ya kuiamuru mashine iliyo mbali. Hifadhidata ilikuwa inakataa kuandika chochote. Nikapiga `df -h`, amri ya kuuliza nafasi ya diski. Diski ya GB 40 ilikuwa imejaa asilimia 100.

Nilishusha pumzi, maana ugonjwa uliojulikana jina hauna kishindo. Nikatafuta faili kubwa na sikukawia kulipata: faili la logi la programu yangu mwenyewe, GB 31. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimewasha uandikaji wa kila kitu ili nifuatilie kosa dogo, nikasahau kuuzima. Nikalifuta. Nikapiga `df -h` tena.

Asilimia 100.

Nikapiga `du` nihesabu ukubwa wa mafaili yote yaliyopo. Jumla haikufika hata GB 9. Amri mbili, mashine moja, na kila amri inasema lake. Nilikuwa na miaka minne kazini wakati huo, nimeandika mifumo inayotumiwa na watu wengi, na sikuwa na wazo hata moja la kunisaidia. Nikampigia kaka mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, mtu wa seva tangu enzi za mtandao wa setilaiti. Nikamweleza. Nikamwambia nataka nizime mashine niiwashe.

"Ukiizima itapona," akasema. "Lakini hutajua iliumwa nini. Andika `lsof +L1`."

Ukatokea mstari mmoja. Faili langu, lile nililolifuta, GB 31, na pembeni yake neno la kuonyesha kwamba limeshafutwa. Na mbele yake jina la programu yangu.

"Umefuta jina lake mlangoni," kaka akasema. "Mpangaji bado yumo ndani."

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya usiku ule na sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa seva ile, na kwenye Unix iliyoitangulia, faili si jina lake. Jina ni kibao tu kinachoelekeza kwenye mwili wa faili, na mwili huo una namba yake unayotambulika kwayo. Amri ya kufuta, `rm`, haiui mwili, inang'oa kibao. Mwili unaondoka siku kibao cha mwisho kitakapong'olewa na mtu wa mwisho aliyelifungua faili atakapoliachia. Programu yangu ilikuwa imelifungua faili lile tangu ilipowashwa, na ilikuwa inaendelea kuandika ndani yake, gizani, mahali ambapo `du` hawezi kuona kwa sababu `du` anapita akisoma vibao. `df` yeye anauliza diski yenyewe imebaki na nafasi gani. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anadanganya. Niliiwasha upya programu yangu peke yake, GB 31 zikarudi kwa mkupuo, na saa sita na robo nikamwandikia mama ujumbe kwamba hati zinachapika.

Siku hizi vijana wanaomaliza vyuo huniuliza: "Kaka, kama mimi natengeneza programu tu, ni lazima nijue Linux?" Ninawajibu ndiyo. Na kila ninapojibu, akili yangu inarudi kitandani pale, kwenye mstari mmoja wa `lsof`.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi uitupe Windows yako. Wapo wasanidi hodari wasiotumia kingine, na wapo wateja ambao seva zao zote ni za Windows. Ukiwafanyia kazi hao, ijue Windows mpaka uvunguni. Kuijua Linux si kuhamia Linux. Ninachosema ni kwamba programu unayoiandika haiishi kwenye laptopu yako. Inazaliwa hapo, halafu inakwenda kuishi kwingine, na huko kwingine, mara nyingi mno, ni kwenye mfumo endeshi huria. Seva ya bei ndogo unayokodi kwa mwezi kwa kawaida ni Linux. Simu ya Tecno iliyo mfukoni mwa mteja wako ina kiini cha Linux, yaani moyo wa mfumo wenyewe, chini ya Android. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zile zinazoorodheshwa mara mbili kwa mwaka, zote zinaendeshwa na Linux tangu Novemba 2017. Microsoft wenyewe mwaka 2019 walitangaza kwamba wataweka kiini kamili cha Linux ndani ya Windows, ili wasanidi wasihangaike. Mzazi anayempeleka mwanawe bweni huenda kwanza kuliona bweni. Sisi tunazipeleka programu zetu bila kuuliza hata choo kiko wapi.

Nilikutana na Linux kabla sijaihitaji, na nadhani hiyo ilikuwa bahati yangu. Mjomba wangu alikuwa fundi redio Morogoro. Kibanda chake kilijaa maredio yaliyovuliwa mashati, waya nje, na harufu ya risasi ya kuchomelea. Nilipokuwa mdogo alinionyesha jambo ambalo sikulitia maanani wakati ule: redio za zamani, ukifungua mfuniko wa nyuma, unakuta mchoro umebandikwa kwa ndani. Mchoro mzima wa redio, kila kipande na mahali pake. Aliyeitengeneza alitarajia kwamba siku moja mtu ataifungua. "Hizi za siku hizi," alisema akigonga redio mpya ya plastiki, "hazitaki uzijue."

Mwaka 2008 nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, bahasha ilifika kwenye sanduku la posta la mjomba ikiwa na jina langu. Ndani kulikuwa na CD ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, toleo la 7.10, yaani la mwezi wa 10 mwaka 2007. Waliosoma zama hizo watakumbuka: uliomba mtandaoni, ukajaza anwani, na baada ya majuma kadhaa CD inakuja bila kulipa hata senti. Mradi ulianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, toleo la kwanza likatoka Oktoba 2004, na huduma ya kutuma CD bure iliendelea hadi 2011. Kwa mtu wa Ulaya huenda zilikuwa mapambo. Kwetu, kabla mkongo wa SEACOM, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, haujafika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, kupakua MB 700 kwenye intaneti kafe kulikuwa ni kukesha na kulipa, na umeme ukikatika unaanza upya.

Mjomba aliigeuza CD mkononi. "Mjomba, nani anamtumia mtu kitu bure kutoka ng'ambo?"

Nikamwambia ni watu wengi, wanatengeneza pamoja, na kwamba msimbo wake wote uko wazi, unaweza kuusoma.

"Kwa hiyo imekuja na mchoro wake."

"Ndiyo, mjomba."

Akanirudishia kwa mikono miwili.

Na jina lenyewe halikuhitaji kutafsiriwa kwetu. Ubuntu, utu. Neno la ukoo mmoja.

Historia yake fupi inafaa kujulikana na kila anayeandika msimbo. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka mfumo kamili ambao mtumiaji ana haki ya kuusoma, kuubadili na kuugawa. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatangaza kiini alichokuwa anakiandika kwa kujifurahisha, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Vilipokutana viwili hivyo ndipo tulipopata hiki tulicho nacho. Halafu mwaka 2005 Torvalds huyohuyo, baada ya kunyang'anywa ruhusa ya kutumia bure chombo walichokuwa wakitunzia msimbo wa Linux, akaandika Git. Kila msanidi anayesukuma msimbo wake kwa Git leo, hata kama hajawahi kuona Linux, anatumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Linux.

Hata Kiswahili kina ukurasa wake humo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakumwomba mtu ruhusa ya kuitafsiri. Leseni ilikuwa imeshawapa.

Turudi kazini, maana huko ndiko kunakouma.

Kuna makosa madogo ambayo kila msanidi wa kwetu ameyaonja. Kwenye laptopu ya Windows, `Nembo.png` na `nembo.png` ni faili lilelile. Kwenye Linux ni mafaili mawili tofauti. Tovuti inapendeza ofisini, unaipandisha, nembo ya mteja haionekani, na mteja yuko na bosi wake kwenye skrini kubwa. Au unaandika hati ndogo ya amri kwenye Windows, unaipeleka kwenye seva, na seva inakwambia kwamba bash, programu inayosoma amri, haipo, wakati bash unaiona kwa macho yako. Sababu ni herufi moja isiyoonekana ambayo Windows huiongeza mwishoni mwa kila mstari. Haya unajifunza mara moja, yanaisha.

Lakini la saa limenitesa zaidi, kwa sababu ni letu hasa.

Kampuni moja ndogo ya mikopo ilitaka ujumbe wa kuwakumbusha wateja marejesho utumwe saa mbili usiku, watu wakiwa wameshakula na simu ziko mkononi. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko na kuanzia magharibi. Saa mbili usiku kwa kompyuta ni 20:00. Nikaandika 20 kwenye cron, ratiba ya kazi za seva, nikaenda zangu. Seva ilikuwa inafuata UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ujumbe ukatoka 20:00 ya UTC, yaani saa tano usiku ya huku. Mamia ya watu wakaamshwa na deni. Nilipoomba mwenzangu arekebishe na kuongeza mwingine wa saa mbili asubuhi, yeye kwa haraka akaandika 2, kama tunavyosema midomoni. Ukatoka saa kumi na moja alfajiri, pamoja na adhana.

Afrika Mashariki hatusogezi saa mbele na nyuma kama Ulaya, kwa hiyo tunakua tukiamini saa ni kitu kimoja kilichotulia. Mfumo endeshi ndio ulionifundisha kwamba saa ni makubaliano yaliyoandikwa mahali. Yameandikwa kwenye hifadhi inayotunzwa na watu, mafaili yanayosomeka, na ukilifuata jina `Africa/Dar_es_Salaam` humo utakuta linaelekeza `Africa/Nairobi`, maana saa zetu ni moja. Nilikaa jioni nzima nikisoma hayo. Tangu hapo seva zangu naziacha kwenye UTC, kumbukumbu zote zinaandikwa kwa UTC, na saa ya mtu inageuzwa pale tu inapoonyeshwa kwa mtu. Na mteja akinitajia saa, naiandika kwa tarakimu 24 mbele yake na kumwuliza kama ndiyo.

Watu watasema: siku hizi kuna kontena na huduma za wingu, hayo yote unafanyiwa. Nimeyasikia sana, na wanaoyasema ni watu ninaowaheshimu. Lakini kontena ya Docker ni nini? Si mashine. Ni mchakato wa kawaida wa Linux uliozungushiwa uzio kwa nyenzo zilizomo ndani ya kiini chenyewe: kuna nyenzo inayouficha usione wenzake, na kuna nyingine, cgroups, inayoupimia kumbukumbu na prosesa. Ndiyo maana ukiiendesha kwenye Windows au Mac, kuna Linux imewashwa chini chini ili kontena ipate pa kukaa. Mwenzangu alipoteza siku mbili akitafuta kosa kwenye msimbo wake kwa sababu kontena ilikuwa ikifa na namba 137. Hakukuwa na kosa kwenye msimbo. 137 ni 128 ukijumlisha 9, na 9 ni amri ya kuua bila kuaga. Programu ilikuwa imevuka kiasi cha kumbukumbu iliyopimiwa na kiini kikaiua. Ukijua hilo, unajua pa kuangalia kabla chai haijapoa.

Na anayetengeneza apu za simu asidhani hayamhusu. Android inampa kila apu namba yake ya mtumiaji, kana kwamba kila apu ni mtu mwingine aliyeingia kwenye mashine. Zile ruhusa za kale za Unix, za nani asome na nani aandike, ndizo zinazozuia apu ya mchezo isipekue mafaili ya apu ya benki. Niliwahi kuitwa kusaidia apu ya mawakala wanaozunguka vijijini kusajili wakulima. Walilalamika kwamba fomu zinapotea. Msanidi aliushuku mtandao, akaandika upya sehemu nzima ya kutuma taarifa, fomu zikaendelea kupotea. Tulipokaa na wakala mmoja kwa nusu saa tukaona: simu ina kumbukumbu ya GB 1, anajaza fomu, simu inaita, anapokea, anaongea dakika nne, anarudi, fomu ni nyeupe. Mfumo ulikuwa umeiua apu iliyokuwa nyuma ili upate nafasi ya vilivyo mbele. Ulikuwa unatimiza wajibu wake. Ilitosha apu ihifadhi kila kisanduku kinapojazwa.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote si changu.

Machi 2024 mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, ambaye kazi yake ni hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima kasi ya kitu kingine kwenye mashine ya Debian, aina nyingine ya Linux. Akaona kwamba kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, na kwamba ssh inakula prosesa kuliko ilivyozoea. Nusu sekunde. Wengi wetu tungesema mtandao mzito tukaendelea. Yeye akaifuata. Akafika kwenye maktaba ndogo ya kubana mafaili, xz, na ndani yake, kwenye matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, akakuta mlango wa siri ambao ungempa aliyeuweka njia ya kuingia kwenye seva za watu. Akatangaza tarehe 29 Machi, kabla matoleo hayo hayajaenea kwenye mifumo tulivu ambayo dunia inaitegemea.

Aliyeuweka alijiita Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili alichangia msimbo kwa adabu na uvumilivu, hadi akaaminiwa na Lasse Collin, mtu aliyekuwa akiitunza xz kwa kujitolea, karibu peke yake. Nasema hili waziwazi kwa sababu wapenzi wa programu huria tuna tabia ya kulipita haraka: uwazi uleule uliomwezesha Freund kuona ndio uliomfungulia mwizi. Mchoro ukiwa wazi, anausoma fundi na anausoma mwizi. Tofauti ni kama wapo mafundi wa kutosha wanaousoma. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Freund hakuwa mlinzi wa usalama. Ni msanidi programu anayeijua nyumba yake kiasi cha kusikia bawaba moja ikilia tofauti. Angekuwa ni mtu wa kusema "mimi naandika msimbo tu, seva ni ya wengine", mlango ule huenda ungeendelea kuwa wazi, na seva zetu Dar zingekuwa miongoni mwa zilizoachwa wazi.

Kinachonisikitisha ni jinsi tunavyofundishwa. Chuoni nilisoma somo zima la mifumo endeshi bila kugusa mfumo endeshi. Tulikariri jinsi mfumo endeshi unavyogawa zamu za prosesa kwa michakato, tukachora majedwali, tukafanya mtihani, nikapata A. Hakuna siku niliyoambiwa nipige `top` niitazame zamu ikigawanywa mbele ya macho yangu. Mashine za maabara zilikuwa na Windows isiyolipiwa, na virusi vya flashi vile vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato bandia. Tulikuwa tunawapelekea wenzetu flashi wafungue kwenye Ubuntu, kwa sababu huko mafolda yalionekana yamekaa salama. Tulikuwa na somo mkononi, tukalitumia kuokoa kazi za nyumbani tu.

Kijana akiniuliza aanzie wapi, simpi orodha ya amri. Namwambia akodi seva ndogo kabisa, au achukue kompyuta kuukuu ya Kariakoo, aweke Debian, aipandishe humo programu yake mwenyewe, asiguse kitufe chochote cha kumfanyia. Aiache mwezi mzima. Itajaa, itakufa, itakataa ruhusa, na siku moja ataandika `chmod 777`, amri ya kumpa kila mtu ruhusa zote, kwa hasira na nitamwomba arudi aniambie ni nani aliyempa funguo. Mimi nilijifunza hivyo, na sioni njia ya mkato.

Mwaka jana tulikwenda Kibaha, kwenye shule moja ya bweni. Seva yao iko palepale shuleni, kwenye stoo nyuma ya ofisi ya mhasibu, katikati ya madaftari na magunia ya mchele. Nilikwenda na binti aliyekuwa mafunzoni kwetu. Mfumo wa ada ulikuwa unakataa watu kuingia, ukisema diski haina nafasi. Akapiga `df -h`: imetumika asilimia 35 tu. Nikamwona ananitazama. Simu yangu ilikuwa nje, mkuu wa shule ananipigia, nikatoka. Intaneti ya shule ilikuwa imekatwa tangu juzi na bando la binti liliishia njiani.

Niliporudi baada ya robo saa nilimkuta amekaa juu ya gunia, kibodi magotini, anasoma `man df`. Maelezo yote ya mfumo yamo ndani ya mashine yenyewe, hayahitaji bando.

"Kaka, kumbe kuna `-i`," akasema bila kugeuka. "Nafasi ipo. Zilizoisha ni namba za miili ya mafaili."

Kweli. Kwenye mipangilio mingi ya Linux, diski inapoandaliwa, idadi ya miili ya mafaili inayoweza kusajiliwa hupangwa palepale, na ikiisha, huwezi kuunda faili jipya hata kama nafasi ipo tele. Aliyeujenga mfumo ule alama za kila anayeingia kwenye mfumo alizihifadhi katika folda aliyojitengenezea, mahali ambapo usafi wa kawaida wa mfumo haufiki, na kila mzazi, kila mwalimu, kila siku kwa miaka, aliacha faili dogo nyuma yake. Yalikuwa milioni moja na ushei.

Nikamwambia asiyafute kwa `rm` na nyota, itakataa, ni mengi mno. Alikuwa ameshafika kwenye `man find`. Nikavuta gunia la pili nikakaa.